Mafuta asilimia 30, sukari asilimia 10: unapimaje kwenye sufuria ya nyumbani?

Mama Kondele (Kisumu)
Wenzangu wa lishe, naomba msaada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori za siku, mafuta shibe (aina inayoganda, kama ya siagi) yasizidi 10, na sukari isizidi 10, ikiwezekana iwe chini ya 5. Sasa hiyo asilimia naipimaje kwa mwiko? Tuko wanne nyumbani, wakubwa wawili na vijana wa miaka 14 na 12. Kwa mwezi tunamaliza kilo 6 za sukari na mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia. Maziwa ni lita moja na nusu kwa siku, hayajatolewa krimu. Tumepita? Na maziwa yakiandikwa mafuta asilimia 3.5, si yako chini sana ya 30?

Lishe Milimani (Kisumu)
Mama Kondele, kwa kutaja manunuzi ya mwezi umetupa kipimo kizuri kuliko sahani. Anayehesabu sahani husahau chai ya saa nne na kipande cha mandazi. Gunia la sukari halisahau.

Nianze na maziwa, maana hapo wengi hujikwaa. Ile 3.5 ni uzito: gramu 3.5 za mafuta ndani ya mililita 100, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, ambayo hayana kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo hapo pana kalori 31 au 32 za mafuta kati ya kalori 64 hivi za maziwa yote. Ni kama nusu. Usiogope lakini, kwa sababu ile 30 ni ya siku nzima, haiangalii chakula kimoja kimoja. Kalori nyingi za parachichi hutoka kwenye mafuta, na bado lina nafasi yake kando ya ugali na maharagwe.

Sasa chukua wastani wa kalori 2,000 kwa mtu. Mafuta asilimia 30 ni kalori 600, gawa kwa 9, unapata gramu 66. Mafuta shibe ni gramu 22. Sukari asilimia 10 ni kalori 200, gawa kwa 4, ni gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai vilivyosawazishwa. Asilimia 5 ni vijiko 6.

Rudi kwenye ghala lako. Kilo 6 kwa siku 30 ni gramu 200 kwa siku. Mkiwa wanne, kila mmoja 50. Mmefika ukingoni kabla ya soda, biskuti wala jemu. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi, vijiko 8. Anayeinywa siku hiyo ameshapita. Mkishusha mkebe wa sukari hadi kilo 3 kwa mwezi mtakuwa kwenye gramu 25, ile asilimia 5, na soda ya siku moja moja haitawatoa nje ya 10 kwa mbali.

Mafuta: lita 5 zina uzito wa kilo 4.6 hivi. Gawa kwa siku 30 na watu wanne, gramu 38. Maziwa yanaongeza 13. Jumla 51, zimebaki 15 tu za nyama, samaki, karanga na unga wenyewe. Yai moja ni gramu 5, nusu parachichi ni 15. Mmepita. Kwa lita 3 mtashuka hadi gramu 23 za mtungi, na hapo mtapumua.

Mwalimu wa Nakuru
Hesabu ni sawa, ila naongeza aina ya mafuta, kwa sababu lita 5 za huyu si sawa na lita 5 za yule. Mafuta mengi ya maji yaliyoandikwa tu kuwa ya mimea hutokana na mawese, na asilimia 40 hivi au zaidi ya hayo ni shibe. Yale ya kuganda ya mkebe ni karibu nusu. Ya alizeti ni asilimia 11 hivi. Kwa gramu 38 za Mama Kondele, mawese yanampa gramu 15 za shibe, maziwa yanaongeza 8 au 9, tayari amevuka 22 hata kabla ya kuonja nyama. Akitumia alizeti anakuwa kwenye 12 au 13.

Huku Nakuru baridi ya asubuhi hutusaidia kutambua: mafuta ya mawese hufanya ukungu na kutuama mazito chini ya chupa, ya alizeti hubaki maangavu. Kisumu joto linawaficha, kwa hiyo soma kibandiko, mstari wa viambato. Na ukiona mafuta yameongezewa haidrojeni nusunusu, yaache dukani kabisa. Hayo ndiyo yenye mafuta ya trans, ambayo mwongozo unataka yawe chini ya asilimia 1 ya kalori za siku.

Jikoni Dunga
Kupunguza mtungi bila kubadilisha mkono hakudumu. Wiki ya pili chapati zinakuwa ngumu, watoto wanalalamika, mtungi unarudi ulipokuwa. Tazama chapati. Kilo moja ya unga ikitoa 12 kwa mililita 250 za mafuta, kila moja inabeba gramu 19. Mbili ni 38, zaidi ya nusu ya siku. Watu humimina mafuta kwa sababu donge lilikandwa kavu. Weka maji ya uvuguvugu kama mililita 600 kwa kilo, vijiko 3 vikubwa vya mafuta ndani ya unga, kanda mpaka donge liache kushika mikono, lifunike nusu saa. Likiwa laini hivyo, nusu kijiko cha chai kila upande kinatosha, kwenye kikaangio kilichopata moto kweli. Kila chapati inashuka hadi gramu 8 hivi. Zikitoka zifunike kwa kitambaa, mvuke wake ndio unaozilainisha.

Mandazi na samaki ni shida nyingine, ya joto. Mafuta yasipofika moto wa kutosha (nyuzi 170 hadi 180), au ukijaza karai mpaka yapoe, ganda halifungi upesi na chakula kinakaa muda mrefu kikinywa mafuta. Tupa kidonge cha unga: kikizama kisha kuibuka mara moja na povu pande zote, anza. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta mengi huingia baada ya kutoa. Mvuke wa ndani ukipoa huyavuta yaliyoko juu ya ganda. Kwa hiyo kung'uta mandazi juu ya karai yakiwa bado yanachemka, yasimamishe kwenye chujio, usiyarundike kwenye bakuli.

Samaki ngege aliyekaangwa sokoni mmwagie maji ya moto kabla ya kumpika mchuzi. Utaona matone yakielea. Vitunguu na nyanya havihitaji mafuta mapya, aliyonayo samaki yanatosha.

Mama Kondele
Asanteni sana. Ila mafuta ya karai hayaliwi yote, mengine hubaki. Je, hesabu ya mtungi si inanidanganya?

Jikoni Dunga
Kidogo, ndiyo. Pima karai lenye mafuta kwa mizani kabla, pima tena likipoa. Tuseme yalikuwa gramu 400 yakabaki 310: gramu 90 zimeliwa. Kama mandazi ni 12, kila moja 7.5. Unayomwaga, toa kwenye mtungi.

Baba Wawili (Kakamega)
Tukibadilisha sukari kwa asali au sukari nguru? Na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anahesabiwaje?

Lishe Milimani
Baba, asali, sukari nguru na juisi, hata uliyokamua mwenyewe, vyote vinaingia kwenye ile 10. Embe zima halihesabiwi, wala sukari ya asili ya maziwa. Kwenye chai, acha kuchemshia sukari ndani ya sufuria. Weka mkebe mezani na usawazishe kijiko kwa kisu, kwa sababu kijiko cha mlima hubeba karibu mara mbili. Punguza robo kijiko kila wiki, ulimi utafuata.

Mtoto wa chini ya miaka miwili usimwingize kwenye asilimia 30. Tumbo lake ni dogo na anahitaji mafuta ili akue, kwa hiyo usimpe maziwa yaliyotolewa krimu. Sukari ndiyo asiongezewe kabisa. Uji wake utiwe kijiko cha karanga zilizosagwa laini au parachichi lililopondwa, na mboga zake, iwe managu au sukuma, zipate mafuta kidogo, la sivyo vitamini A iliyomo haifyonzwi vizuri.