Serikali inasaidia hela ya kununua kishkwambi cha duka?

Wakuu habari, nauza nafaka Mbuyuni hapa Moshi, hesabu zote ziko kwenye daftari, juzi likalowa mvua wino ukasambaa madeni ya wateja watatu yakafutika, imeniuma sana. Nataka kishkwambi na programu ya stoku, nianzie wapi?

Jibu: Pole dada. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata, ulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba ila ni mkopo lazima urudishe, na nyie wakina mama mnaomba kwa kikundi.

Jibu: Huku Arusha tuliandika bei ya kila kitu kwenye andiko la mradi la kuombea huo mkopo, mpaka bando. Msisahau bando!

Muulizaji: Asanteni, kesho naenda kata.