Naomba ushauri: Seiko H558 niliyorithi, tarakimu hazisomeki

Mleta mada: Wakuu, nimeachiwa na marehemu mjomba saa ya kuzamia, Seiko H558, ile yenye akrabu za kawaida pamoja na kidirisha cha tarakimu sehemu ya juu ya uso wake, na ganda jeusi la plastiki linalozunguka bodi. Namba iliyo nyuma inaanza na 3 ikifuatiwa na herufi N. Tangu ibadilishwe betri wiki iliyopita akrabu zinakwenda vizuri, ila kidirisha kinaonyesha vipande vya namba visivyo na maana, na fundi ameniambia kuwa kimekufa. Je, ni kweli? Pili, imeandikwa mita 150, nami ninajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Naweza kuzama nayo?

Mchangiaji 1: Pole kwa msiba, mkuu. Usinunue chochote kwanza. Ndani ya saa nyingi za Seiko zenye tarakimu kuna alama iliyoandikwa AC, na baada ya kuweka betri mpya ni lazima fundi aiunganishe kwa sekunde chache na upande chanya wa betri, kwa kutumia kibano, ili saketi ianze upya. Asipofanya hivyo, akrabu zinaweza kwenda huku tarakimu zikionyesha vurugu kama hiyo unayoieleza. Kidirisha kilichokufa hujulikana kwa doa jeusi linalosambaa kama wino, na hilo halina tiba ila kubadilisha. Namba yako inamaanisha Novemba 1983: 3 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na N ni Novemba, na modeli hiyo ilitoka mwaka 1982. Ndiyo hiyo hiyo wanayoiita "Arnie", kwa sababu Arnold Schwarzenegger aliivaa katika filamu zake za miaka hiyo.

Mchangiaji 2: Mimi nijibu la mbizi. Zile mita 150 ni ahadi ya saa mpya. Mipira inayozuia maji kwenye kifuniko cha nyuma, kwenye kioo na kwenye kila kitufe hukauka na kupasuka hata kama saa imelala kabatini, na saa yako ina vitufe kadhaa, yaani milango kadhaa ya maji. Kwenye kina cha mita 20 tu, shinikizo tayari ni mara tatu ya lile la nchi kavu. Badilisha mipira yote, ipakwe mafuta ya silikoni, kisha ipimwe kwa mashine ya shinikizo; hata ikifaulu, usibonyeze kitufe chochote ukiwa majini. Kwa maoni yangu, kama unataka umbo hilo kwa ajili ya mbizi, nunua toleo la 2019 linalotumia nishati ya mwanga, ambalo limepewa mita 200, na ya mjomba uivae nchi kavu.

Mchangiaji 3: Naunga mkono. Tena usikubali mtu aisugue ili ing'ae. Mikwaruzo ya kwenye ganda ni ya mjomba.

Mleta mada: Nimerudi kwa fundi akagusisha hiyo AC, na tarakimu zimerejea zote. Nimeamua sitazama nayo. Kilichobaki ni kengele, ambayo haitoi sauti kabisa.

Mchangiaji 1: Katika saa nyingi za aina hii sauti hupitia springi ndogo sana inayogusa kifuniko cha nyuma, nayo huruka kwa urahisi saa inapofunguliwa. Mwombe fundi aangalie vizuri mezani kwake, kabla hajafagia.