Mrejesho: uvimbe kando ya uti wa mgongo kifuani

Niliuliza kama kivuli cha duara kando ya pingili kwenye eksirei ya kifua kinatosha kusema ni shwanoma (uvimbe wa ala ya neva, kwa kawaida si saratani). Hakitoshi. CT (picha za eksirei za vipande vya mwili) ilionyesha kingo laini na tundu la kupitishia neva lililopanuka. Hapo MRI (picha za sumaku) ni lazima kabla ya upasuaji: uvimbe ukiwa umeingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo, kuuvuta kutokea kifuani pekee kunaweza kuujeruhi uti au kuvujisha damu ndani ya mfereji. PET (picha ambamo seli zinazotumia sukari nyingi, kama za saratani, hung'aa) nayo isiwatishe, maana hata shwanoma isiyo saratani hung'aa. Kabla ya sindano ya biopsi (kuchukua kipande cha uvimbe cha kupima), hakikisheni si mfuko wa maji ya uti wa mgongo. Jibu la maabara: S100 (protini ya seli za ala ya neva) chanya kwa seli zote, shwanoma.