Pikapu za tani moja: injini ndogo au injini kubwa? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Iringa

Wakuu, habari za majukumu. Naleta mada hii kwa ajili ya wanaonunua na wanaoendesha pikapu za tani moja, yaani Hilux, Ranger, D-Max, L200, Navara na nyingine za daraja hilo, ambao kila mara hufika mahali pa kuchagua kati ya injini mbili za gari lile lile: lita 2.4 au 2.8, 1.9 au 3.0, 2.2 au 3.2. Naomba kila anayechangia aseme gari lake lina injini gani, linabeba nini na linapita barabara ya namna gani, kisha aeleze aliyoyaona mwenyewe. Jibu la kwamba chukua kubwa tu halimsaidii mtu anayetoa akiba ya miaka kununua chombo cha kazi.

Nianze mimi. Kazini nimeendesha Hilux mbili za kizazi kilichotoka mwaka 2015, moja ya 2.4 na nyingine ya 2.8, zote za gia za mkono, na njia yangu kubwa ni Morogoro hadi Iringa kupitia mlima wa Kitonga. Injini hizi ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa silinda zake zina kipenyo kile kile cha milimita 92, ila pistoni ya 2.4 husafiri milimita 90 na ya 2.8 husafiri milimita 103.6. Kwenye karatasi ya kiwandani, 2.4 ina nguvu ya kuvuta ya Nm 400 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo) na 2.8 ya gia za mkono ina Nm 420, na mnunuzi akiishia hapo atajiuliza kwa nini aongeze fedha nyingi kwa ajili ya Nm 20. Lakini asome mstari unaofuata. Injini ya 2.4 hutoa Nm 400 hizo kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 kwa dakika, ilhali 2.8 hushikilia Nm 420 zake kuanzia mizunguko 1,400 hadi 2,600. Upana huo ndio unaolipiwa.

Maana yake inaonekana Kitonga ukiwa nyuma ya lori lililopakia, unapolazimika kupunguza mwendo kwenye kona na kuanza kupanda upya. Gari likiwa na mzigo kamili, 2.4 ikishuka chini ya mizunguko 1,600 hukutaka urudishe gia hapo hapo, na ukichelewa hulegea hadi urudi gia ya pili. Ile ya 2.8 hukupa nafasi ya kubaki gia ya tatu na kuondoka taratibu bila kelele. Likiwa na watu wanne na mabegi, tofauti hiyo sikuiona, na kwenye tambarare ya Mikumi sikuiona kabisa. Kwa hiyo swali ninalowaomba tulijibu ni hili: gari lako huwa na kilo ngapi mgongoni siku za kawaida, na mlima ulio njiani mwako ni wa namna gani?

Mchangiaji, Makete

Asante mkuu kwa mada. Mimi nasafirisha viazi, na hapa kwetu mzigo ni tani kamili, hakuna safari ya nusu. Nimetumia pikapu ya 2.5 yenye turbo na sasa natumia ya 3.0, na kwa mazingira haya sitarudi kwenye ndogo.

Sababu yangu ni hewa, jambo ambalo wauzaji wa magari Dar es Salaam hawaligusii. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Ni kweli kwamba turbo husaidia kwa kuisukuma hewa ndani ya silinda, lakini turbo haifanyi kazi mpaka moshi wa injini uwe na nguvu ya kuizungusha, hivyo katika ile hatua ya kwanza ya kuondoka, mguu ukiwa bado kwenye klachi, injini inategemea ukubwa wake yenyewe. Ile ya 2.5 asubuhi ya baridi, shambani, udongo umelowa na magunia yamepangwa hadi juu ya bodi, ilikuwa inataka ulishe mafuta mengi huku klachi ikiteleza, na klachi ilikwisha mapema kuliko ilivyostahili. Ya 3.0 huondoka kabla turbo haijaamka.

Kuna jambo la pili ambalo naona mwanzisha mada hakuligusa, nalo ni kushuka. Watu huuliza gari linapandaje, lakini mwenye mzigo wa tani hufikiria zaidi anavyoteremka. Katika miteremko yetu mirefu nateremka kwa gia ya pili au ya tatu ili injini ilishike gari na breki zipumzike, na nimeona injini kubwa hulishika vizuri zaidi katika gia ile ile. Kwa anayeshuka na mzigo kila wiki, hilo ni suala la uhai.

Mchangiaji, Shinyanga

Mimi ni afisa ugani na natumia pikapu ya 2.4. Mzigo wangu ni mitungi ya chanjo, vifaa vya kupimia na abiria wawili au watatu, na ardhi ni tambarare. Naunga mkono hoja ya kilo za siku za kawaida, kwa sababu mimi sijawahi kuitaka injini kubwa. Nikitembea kilomita 80 hadi 90 kwa saa matumizi ya dizeli ni mazuri, na kinachoyaharibu ni mwendo wenyewe, kwani upinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na pikapu ni gari refu lenye uso mpana. Anayekimbia kilomita 120 na injini ndogo asishangae kuona matumizi yake yamefanana na ya mwenye injini kubwa.

Mchangiaji, fundi, Morogoro

Ndugu zangu, naomba nieleze kwa upande wa gereji, kwa sababu magari haya ndiyo ninayoyafungua.

Kwanza, imani kwamba cc ndogo (yaani ujazo mdogo wa injini, cc 1,000 zikiwa lita moja) haina nguvu ina historia ya kweli. Wengi tulikulia kwenye Hilux za injini za 3L na 5L, za cc 2,779 na cc 2,986, ambazo hazikuwa na turbo. Hiyo 5L ilikuwa na nguvu ya kuvuta ya takriban Nm 200, yaani nusu ya Nm 400 za 2.4 ya leo, ingawa ya leo ni ndogo kwa karibu cc 600. Wakati ule ukipunguza cc ulipunguza nguvu moja kwa moja. Leo nguvu inatoka kwenye turbo, kwenye kipoza hewa na kwenye nozeli zinazopuliza dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,500. Ford nao waliitoa Ranger ya 3.2 yenye silinda tano na Nm 470, kisha kuanzia mwaka 2018 wakaleta ya 2.0 yenye turbo mbili na Nm 500. Kwa hiyo namba ya cc peke yake haimwambii mteja alichokuwa akiambiwa zamani.

Pili, gharama. Wateja huamini injini ndogo ni nafuu kuitengeneza. Kwa Hilux ya 2.4 na ya 2.8, zote zina nozeli nne, turbo moja na pampu moja ya shinikizo kubwa, na kazi ya kuzifungua ni ile ile. Tofauti hujitokeza mtu akichukua injini ya silinda tano, maana nozeli nazo ni tano. Kwa hiyo unafuu wa injini ndogo uutafute kwenye bei ya kununulia na kwenye mafuta, usiutafute kwangu.

Tatu, na hili naomba mlizingatie sana. Injini ndogo yenye turbo hufanya kazi ya injini kubwa kwa kubanwa zaidi, na ikibanwa hutoa joto jingi kwa kila lita yake. Gari likija limechemsha, mwenye nalo husema injini ni ndogo mno. Nikifungua, mara nyingi nakuta matundu ya rejeta yamezibwa na tope na majani, oili imepitiliza muda wake na imekuwa nzito kama lami, au feni haivuti. Injini ya 3.0 inayoendeshwa kivivu huvumilia uzembe huo kwa muda mrefu zaidi, lakini ndogo haivumilii. Badilisheni oili mapema kama mnabeba mzigo, tumieni oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mkimaliza mlima mrefu acheni injini izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima, kwa sababu mhimili wa turbo hulainishwa na kupozwa na oili ambayo hukoma kutembea mara injini inapozimwa.

Kuhusu dizeli, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na injini za sasa zinaihitaji. Tatizo linalobaki ni maji na uchafu kwenye dizeli ya madumu. Nozeli haijali cc za injini yako, itakufa tu.

Mchangiaji, Nyandarua

Salamu kutoka Kenya. Ninabeba maziwa kutoka kwa wakulima hadi kwenye mtambo wa kupozea, na nina D-Max ya 1.9. Ndugu wa Makete amesema kweli kuhusu hewa ya juu, kwani hata huku kwetu tuko juu sana, lakini mzigo wangu mara nyingi hauzidi nusu tani na unapungua niteremshapo mitungi. Injini hii ina Nm 350, na ile ya 3.0 ya kizazi kilichotangulia ilikuwa na Nm 380, kwa hivyo sioni kama nimenyimwa. Faida niliyoipata bila kuitarajia ni kwamba injini ndogo ni nyepesi. Wakati wa masika, barabara za shambani zikiwa tope tupu, mbele ya gari hakuzami upesi kama pikapu nzito za majirani. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, nikiwa nimebeba viazi vya jirani hadi bodi ikajaa, hapo ndipo hutamani ile kubwa.

Mchangiaji, Maskati

Huku Ghuba hadithi ni nyingine, kwa sababu Hilux nyingi ni za petroli zisizo na turbo, ama 2.7 ya silinda nne ama 4.0 ya V6, yaani ya silinda sita. Bila turbo, ukubwa wa injini unabaki na maana yake ya zamani. Kwenye mchanga laini gari likipoteza mwendo limekwama, na 2.7 hupanda tuta ikiwa tu umelikabili kwa kasi toka chini. Mjini na kwenye barabara kuu inatosha kabisa.

Mwanzisha mada, Iringa

Nawashukuru wote. Hoja ya kushuka aliyoileta ndugu wa Makete naikubali, na ningeiweka mbele ya hoja yangu ya kupanda. Kwa walioniuliza faragha wachague ipi: anayebeba chini ya nusu tani siku nyingi achukue ndogo, fedha iliyobaki aiweke kwenye matairi na huduma, anayebeba tani kila wiki kwenye milima achukue kubwa, na akiweza achukue ya otomatiki, kwani Hilux ya 2.8 ya otomatiki ilipewa Nm 450 tangu mwanzo na Nm 500 kuanzia mwaka 2020, wakati ya gia za mkono imebaki Nm 420.

Bado hatujampata mwenye Ranger ya 2.0 ya turbo mbili aliyeitumia kwa mzigo mzito muda mrefu. Kama yupo, tafadhali aeleze hali ya turbo zake na ya sanduku la gia kumi, maana wengi wanataka kuinunua ikiwa imetumika na hawana wa kumuuliza.