Naomba ushauri: kijana wa miaka 16 acheze na watu wazima?

Wadau wa raga, hamjambo. Nanoa vijana wa mtaa wetu hapa Kangemi. Mmoja ana miaka 16, mbio anazo, na pengo analiona kabla halijafunguka. Sasa klabu moja ya raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, inamtaka aingie timu ya wakubwa moja kwa moja. Mamake ameniachia uamuzi.

Hofu yangu ni mwili wake. Kwenye ligi timu hukabwa hadi mara sita kabla ya kuachia mpira, kwa hivyo ni kugongana dakika zote 80. Juzi mazoezini alimkaba jamaa mzito, kichwa akakiweka mbele ya nyonga badala ya nyuma. Shingo huvunjika hivyo! Uingereza, klabu kama Wigan na St Helens huwalea chipukizi kwenye akademia, wakicheza na wa rika lao.

Mliowahi kulea kijana wa aina hii: nikubali afanye mazoezi tu na wakubwa, mechi acheze za rika lake? Na karo na bima ya matibabu, nidai yaandikwe kwenye mkataba kabla mamake hajatia sahihi? Klabu inataka jibu kabla shule zifunguliwe.