Milioni 18 za uwanja wa nyasi bandia nyumbani Arusha, nimeishia kufuga vyura

Wakuu habari za jioni. Hii hasara nilishaamua kuimeza kimya kimya, lakini leo mchana niko zangu kinyozi nasubiri foleni napitia status za watu, nakuta yule fundi aliyeniwekea nyasi bandia kaposti uwanja WANGU. Kaandika "kazi zetu zinaongea, karibuni". Ni picha ya siku ile anakabidhi, nyasi zimesimama, mistari mieupe inang'aa, hadi kandambili za bluu za mwanangu zinaonekana pembeni. Nikatoka pale nusu kichwa kimenyolewa nusu bado. Ok natania, nilimalizia, ila hasira nilizokuwa nazo Mungu ndo anajua.

Niko Arusha huku upande wa Muriet. Nyuma ya nyumba nina eneo la mita 20 kwa 12, vijana wangu wawili na hii homa ya AFCON 2027 na uwanja mpya wa Olmoti hawanipi usingizi, baba tuwekee uwanja baba tuwekee uwanja, na mimi nikaona bora wacheze hapa hapa kuliko kuzurura. Nikapewa namba ya huyu jamaa. Kaja na gari safi, kavaa buti na rifleta, kapima kwa futi kamba, akaniambia milioni 18 kila kitu, nyasi, nyavu, mabomba, taa nne. Nikatoa advansi milioni 12. Ndio, najua, msinitukane, wife kashanitukana vya kutosha.

Kazi ilifanyika mwezi wa pili, jua kali, ardhi imepasuka nyufa unaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Hapo ndo ilikuwa pa kushtuka. Jirani yangu mzee mmoja wa Kimeru alichungulia akaniambia "mwanangu, huo udongo mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, uchimbe utoe kwanza." Nikampelekea fundi hayo maneno, akacheka, akasema huyo mzee anafikiria ghorofa, hili ni zulia tu bosi wangu.

Zulia tu!!

Akaleta tripu mbili za moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia chini. Lori la kyubiki 7 (mita za ujazo), tripu mbili ni 14, tandaza kwenye mita za mraba 240, hata sentimita 6 hazifiki na hapo hujashindilia. Akapitisha kompakta, mashine ya kushindilia, ya kukodi nusu siku, na muda mwingi ilikuwa imezimwa eti petroli imeisha (petroli nikatoa tena mimi). Kokoto hakuna. Kile kitambaa cha kutenganisha udongo na moramu hakuna. Mteremko hakuna, kapiga levo flati kama meza ya pool, wakati kwa upana wa mita 12 ilitakiwa upande mmoja ushuke hata sentimita 12 maji yapate pa kukimbilia, na mfereji pembeni. Haya yote nimekuja kuyajua baada ya kuumia.

Masika yakaingia. Wiki ya kwanza nikaona maji yamesimama nikasema yatakauka. Wiki ya pili katikati pamenyanyuka kama mgongo wa ng'ombe, pembeni pamezama. Zile nyasi chini zina vitundu vya kupitisha maji, lakini yakipita yanaenda wapi wakati chini ni tope la mfinyanzi? Yanarudi juu. Na maungio ndo balaa, nyasi zimekuja roli za mita 2 kwahiyo yako maungio matano, kabandika na gundi ile ile ya mafundi viatu, imeachia yote. Kijana wangu mdogo kajikwaa kwenye ukingo kateguka mguu, wiki tatu hajakanyaga shule vizuri.

Mchanga wa kujazia katikati ya nyasi nao kaleta huu huu mweusi wa kujengea. Ulitakiwa mchanga mkavu uliooshwa, huu una vumbi, ukilowa unakuwa uji, watoto wanaingia sebuleni miguu myeusi kama wametoka kuchimba kaburi. Na roli moja kaigeuza, nyasi zake zinalala upande wa pili, ukisimama kibarazani unaona mstari una kijani chake peke yake. Hilo ningelisamehe kwakweli. Nisichosamehe ni ndago, yale magugu sugu. Juzi nimekata kona kwa kisu nione chini kuna nini, nakuta ndago zimetoboa zulia zinachungulia kwa raha zao, moramu imeshamezwa na tope haionekani.

Nimempigia wee, mwisho akatuma voisi: "bosi shida ni udongo wako, niongezee milioni 4 nifumue nianze upya." Udongo wangu!! Si ndo ule ule mzee aliousema ukacheka? Mkataba sina, nina risiti ya kuandikwa kwa mkono na meseji za simu, mwenye uzoefu wa madai madogo kama haya aniambie hizo zinatosha au naenda kuchekesha watu mahakamani.

Na nyie mliowahi kufumua, hizi nyasi naweza kuzikunja nichimbe ule udongo, nijaze moramu na kokoto safu kwa safu, halafu nizirudishe? Au zikishakaa na mchanga wa tope hazifai tena?

Leo nilipompigia kuhusu ile picha kajibu "bosi nipo saiti Moshi nitakucheki". Kwahiyo wa Moshi, kama kuna mtu anakuwekea nyasi wiki hii, acha hata chai, shuka ukahesabu tripu za moramu. Na akikuonyesha picha ya uwanja wenye kandambili za bluu pembeni, huo ni wa kwangu, njoo uuone saa moja jioni vyura wakiwa wameshaanza.