Baridi ya Colorado bila theluji: tupeane uzoefu wa kuokoa miti

Denver (mwanzisha uzi)
Wadau wa Colorado, theluji hakuna na mchana kuna vuguvugu kama Aprili. Majani yamepukutika lakini mizizi i hai na ina kiu. Mti ulioumia Januari unaweza kuchipua vizuri tu Mei kwa akiba yake ya ndani, kisha ukanyauka Julai, na watu wakadhani ni ugonjwa. Wenye ujuzi, wekeni hatua na vipimo.

Fort Collins
Galoni 10 (kama lita 38) kwa kila inchi 1 ya kipenyo cha shina, mara moja au mbili kwa mwezi, Oktoba hadi Machi, kama theluji haijafunika udongo. Shina la inchi 3 linataka galoni 30. Kichaka kilichopandwa karibuni, galoni 5 mara mbili kwa mwezi.

Pima mpira wako wa maji: ndoo ya galoni 5 ikijaa kwa dakika 4, galoni 30 ni dakika 24. Usielekeze maji shinani. Mizizi inayonyonya iko chini ya ncha za matawi na kupita hapo, kwenye inchi 12 za juu za udongo, kwa hiyo zungusha mpira taratibu. Maji yakianza kutiririka juu ya ardhi, punguza kasi.

Aurora
Saa nayo ina maana. Subiri joto lifike nyuzi 40 za Farenihaiti (kama 4 za Selsiasi), mwagilia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ili maji yazame kabla ya usiku. Yakituama kwenye shina yakaganda, yanaumiza gome.

Halafu CHOMOA mpira kwenye bomba la nje kila ukimaliza. Ukiuacha, maji hubaki ndani ya bomba la ukutani, huganda na kulipasua. Ufa huo hauonekani mpaka ufungulie tena na maji yaloweshe ukuta kwa ndani.

Pueblo
Anzeni na miti michanga, na misonobari, maana majani yake hupoteza maji hata wakati wa baridi. Kisha upande wa kusini na magharibi wa nyumba, ambako ukuta hurudisha joto. Nyasi za huko zikikauka hushambuliwa na utitiri. Matandazo ya vipande vya mbao, inchi 3, yasiguse shina.

Boulder
Kuhusu ukame wenyewe, msihesabu kina cha theluji, hesabuni maji yaliyomo. Inchi 10 za theluji hutoa takriban inchi 1 ya maji, na theluji kavu ya huku mara nyingi hutoa pungufu. Vituo vya SNOTEL (mitambo inayojiendesha ya kupima theluji) milimani huipima kwa uzito, na akiba hiyo ya maji kwa kawaida hufika kilele Aprili. Mito yetu inategemea hiyo, kwa hiyo mvua moja ya Februari mjini isimpe mtu matumaini.

Denver (mwanzisha uzi)
Asanteni sana. Naongeza kipimo cha bisibisi ndefu: ichomeke ardhini kabla ya kufungulia maji. Ikizama kirahisi, subiri. Ikigoma, udongo umekauka au umeganda. Ulioganda usiumwagilie.